Rangi ya maji kwenye viti na meza za nje: mwongozo kwa nyumba za Lamu

Maswali ni yale yale, na huzidi masika yanapokwisha, watu wanapotoa viti barazani na kukuta rangi imevimba na kutoka magamba. Rangi ya maji yafaa nje, au ni ya ukutani tu? Ni lazima kukwangua rangi yote ya zamani? Mbona benchi lilipakwa majuzi tu na miguu tayari imeanza kuoza? Nayajibu hapa kwa kufuata utaratibu wa kazi yenyewe, ili hata ambaye hajawahi kushika brashi aweze kuanza na kumaliza.

Jibu la swali la kwanza: yafaa, na kwa hewa ya huku mimi huipendelea kuliko rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta hukauka ikawa ngumu, na jua linavyozidi kuipiga ndivyo inavyozidi kukakamaa. Mbao nayo haitulii. Hufura ikinywa unyevu, hunywea ikikauka. Rangi iliyokakamaa hushindwa kuifuata, ikapasuka, na maji yakapata njia ya kuingia. Rangi ya maji ya akriliki hubaki ikinyumbuka, na huachia unyevu wa ndani utoke polepole. Isitoshe, harufu yake ni ndogo, brashi huoshwa kwa maji, na nyeupe yake haigeuki manjano.

Ila haipatani na chumvi, wala mafuta, wala mbao yenye maji. Rangi nyingi zinazobambuka hapa kwetu zenyewe hazikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa chini yake: chumvi ya bahari haikuoshwa, mbao haikukauka, au ncha za miguu ziliachwa wazi. Kwa hiyo usishangae ukiona hatua nyingi hapa zinahusu kazi ya kabla ya kufungua kopo.

Kwanza ijue mbao yako

Saiprasi na paini zinazoletwa kutoka bara hupakika kwa urahisi, isipokuwa vifundo vyake hutoa utomvu. Mwarobaini na mwembe pia hupokea rangi vizuri zikishakauka, ingawa mwembe huoza upesi ukiachwa mvuani. Mbambakofi, mvule na mninga ni mbao imara, lakini zina tanini, yaani rangi ya asili ya mbao, na maji yaliyomo katika rangi huivuta tanini hiyo juu ikawa madoa ya kahawia. Msaji una mafuta yake ya asili yanayoisukuma rangi. Mbao zote hizi zinapakika, mradi ujue ni ipi uliyo nayo, kwa sababu praima yake, yaani rangi ya msingi inayotangulia, si moja.

Mbao za jahazi zina habari yake. Siku hizi benchi na meza nyingi za Lamu na Malindi hutengenezwa kwa mbao za vyombo vilivyokongoka, na ni samani nzuri sana. Lakini mbao hiyo imekaa baharini miaka mingi. Imenywa chumvi hadi ndani, imepakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, mara zisizo na hesabu, na ina mashimo ya misumari ya chuma yaliyojaa kutu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na hilo halikomi kwa kuosha juu juu. Mafuta ya sifa nayo hayaipi rangi mahali pa kushika. Ushauri wangu kwa mbao za jahazi ni kuziacha bila rangi. Zioshe kwa maji matamu, zikaushe, kisha uzipake mafuta ya mbao kila mwaka. Matambara uliyopakia mafuta usiyakunje na kuyatupa pembeni, maana yanaweza kupata moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Na kama una kiti cha enzi cha kale, chenye kazi ya nyuzi na nakshi za mfupa, tafadhali usikipake rangi yoyote, wala usikiweke nje. Rangi ikishaingia katika nakshi haitoki bila kuiharibu. Kipanguse vumbi na ukiache ndani.

Wakati wa kufanya kazi

Msimu mzuri ni kaskazi, Desemba hadi Machi, mvua zikiwa chache na mbao zimekauka. Masika usianze kabisa. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote huku. Kusi ikipamba moto kunakuwa na upepo wa kurusha mchanga, hasa Shela, na chembe zake hunasa kwenye rangi mbichi. Ukilazimika kupaka wakati wa kusi, ingia uani penye kuta pande zote.

Kwa siku, anza umande ukishakauka, yapata saa tatu asubuhi, na uweke brashi chini kabla ya saa tisa alasiri ili rangi ishike kabla ya unyevu wa jioni. Paka kivulini tu. Kiti kilichokaa juani kikawa cha moto, kihamishe kipoe kwanza. Watu wengi hudhani jua ni msaada kwa kuwa rangi hukauka haraka, kumbe ndiyo hasara: maji hukimbia kabla chembe za rangi hazijaungana, ukapata ngozi dhaifu yenye alama za brashi.

Vitu vya kuwa navyo

- Rangi ya akriliki ya nje iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa mbao. Ile ya ukuta wa ndani usiichukue hata ukipewa bure. Haihimili mvua wala jua. Chagua yenye mng'ao wa kadiri. Isiyo na mng'ao hushika uchafu, na yenye mng'ao mkali huonyesha kila kasoro. Rangi nyeusi na buluu nzito hunyonya joto, hivyo hupasuka mapema kuliko nyeupe, krimu au kijani hafifu.
- Praima ya nje ya mbao. Kwa mbambakofi, mvule, mninga na mbao yenye vifundo, nunua praima ya kuzuia madoa, hata kama ni ya mafuta au ya shelaki. Ikishakauka, rangi ya maji hukaa juu yake bila tatizo.
- Brashi mbili za nyuzi za nailoni, ya inchi 2 na ya inchi 1. Brashi ya manyoya hunywa maji na kulegea.
- Msasa namba 80, 120 na 240, kikwangulio, na brashi ngumu ya kusugulia.
- Puti ya nje ya mbao, na silanti ya akriliki ya kuzibia mianya. Ya silikoni usiitumie, rangi haiishiki.
- Sabuni ya unga, klorini ya kufulia, spiriti, matambara safi ya pamba, tepu, glavu na barakoa.
- Maji matamu ya kutosha.

Kuhusu kiasi: lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, ikiwa mbao ni laini, na pungufu ikiwa mbao ni kavu na yenye kunywa. Benchi moja la watu watatu lenye mbao za kuachana, kwa mikono miwili, hutumia karibu lita moja.

Hatua kwa hatua

1. Osha. Changanya sabuni ya unga na maji, sugua kila mahali, hasa chini ya kalio na nyuma ya miguu ambako vumbi la chumvi hujikusanya. Kisha suuza kwa maji matamu mara mbili au tatu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanasuuza kwa maji ya kisima ya chumvichumvi, wakairudisha ile ile waliyoitoa. Lamu tumia maji ya mvua uliyokinga au yatokayo upande wa Shela, kule mchanga unakohifadhi maji matamu. Malindi maji ya bomba ya Baricho yanatosha. Palipo na madoa meusi ya ukungu, pakaa klorini iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, subiri dakika 15, sugua, suuza sana. Vaa glavu, na kamwe usichanganye klorini na siki, limau au dawa ya choo. Hutoa hewa ya sumu.

2. Kausha. Weka samani kivulini penye upepo siku mbili au tatu, kwa kaskazi. Kujua kama imekauka, bandika kipande cha plastiki angavu kwa tepu pande zote nne, weka juani saa chache, kisha tazama. Ukiona matone ndani ya plastiki, bado. Kiti kipya kutoka kwa seremala nacho kipime hivi hivi, kwa maana si kila mbao inayouzwa imekaushwa. Kupaka mbao yenye maji ni kutengeneza malengelenge kwa mkono wako.

3. Ichunguze rangi ya zamani. Chukua tambara lenye spiriti usugue mahali padogo. Rangi ikilainika na kuja kwenye tambara, ilikuwa ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta au vanishi. Kisha chora alama ya msalaba kwa wembe, bandika tepu juu yake, ivute kwa nguvu. Rangi ikija na tepu, sehemu hiyo lazima ikwanguliwe. Ikibaki, inatosha kuisugua kwa msasa. Basi jibu la swali la pili ni hilo: si lazima utoe yote, toa isiyoshika.

4. Kwangua na upige msasa. Anza na namba 80 palipo na magamba, kisha 120 kila mahali, ukifuata uzi wa mbao. Lengo si kufika mbao nyeupe. Lengo ni kuondoa mng'ao na kulainisha kingo za rangi ya zamani ili usiione ngazi chini ya mpya. Kingo kali za mbao zizungushe kidogo, maana rangi hukaa nyembamba pembeni na ndipo huanza kupasuka. Rangi za zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi. Hizo zisugue zikiwa na maji, uvae barakoa, uwaweke watoto mbali, na ukusanye taka zote badala ya kuzipeperusha uani.

Ukimaliza, dondosha tone la maji palipo na mbao tupu. Likizama, endelea. Likisimama kama lulu, bado kuna mafuta au vanishi, rudia msasa. Kwa msaji, panguza kwa spiriti kisha upake praima siku hiyo hiyo kabla mafuta hayajarudi juu.

5. Tengeneza palipoharibika. Skurubu zenye kutu zitoe, weka za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Usipoweza kuzitoa, sugua kutu na uzifunike kwa praima ya chuma, la sivyo kutu itatokeza kwenye rangi mpya. Ukiona unga mwembamba unadondoka chini ya kiti, kuna wadudu ndani. Mtafute muuzaji wa dawa ya mbao kwanza, kwa sababu rangi haiwaui. Sehemu iliyooza ikabonyea kwa kidole ikate na uunge mbao nyingine. Puti ni ya mashimo madogo tu. Maungio yanayosimamisha maji, kama pale mkono wa kiti unapokutana na mgongo, yazibe kwa silanti ya akriliki.

6. Lowesha na usugue tena. Panguza mbao tupu kwa tambara lenye maji matamu, acha ikauke, kisha pitisha msasa namba 240 kidogo. Maji huinua nyuzi za mbao. Afadhali ziinuke sasa uzikate kuliko ziinuke ndani ya rangi. Futa vumbi lote.

7. Ziba ncha. Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo jibu la swali la tatu. Mahali mbao ilipokatwa kwa upande, yaani chini ya miguu na kwenye vichwa vya mbao za kalio, hunywa maji kupita mahali pengine popote. Geuza kiti juu chini, jaza praima kwenye kila ncha, acha inywe, rudia, na urudie tena hadi isinywe. Kama una gundi ya epoksi, ipake chini ya miguu, ni bora zaidi. Ikikauka, pigia vipande vya mpira au plastiki ngumu ili mguu usigusane na sakafu yenye maji.

8. Paka praima. Vifundo na madoa yaguse kwanza peke yake, kisha mkono mmoja mwembamba kila mahali, hata chini ambako hakuna anayepaona. Upande usiopakwa hunywa unyevu na kuipinda mbao. Mbambakofi na mninga zipe mikono miwili. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, pitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi na ufute vumbi. Praima isikae wazi wiki nzima, jua huichakaza.

9. Paka rangi, mkono wa kwanza. Koroga kutoka chini, usitikise kopo, utaingiza povu. Mimina kiasi katika chombo kidogo na ufunike kopo. Lowesha brashi kwa maji, ikamue, chovya theluthi moja tu ya nyuzi zake. Anza kiti kikiwa juu chini: ndani ya miguu, pembe, vichwa vya mbao. Kisha kisimamishe umalizie mgongo, mikono, na kalio mwisho. Fanya ubao mmoja toka mwanzo hadi mwisho kabla ya kuhamia mwingine. Ukishapita, usirudi kurekebisha rangi iliyoanza kushika. Ukiona inavuta brashi kwa sababu ya joto, ongeza maji kidogo sana, asilimia 5 ya rangi uliyomimina. Wale wanaoichanganya hadi ikawa kama uji mwepesi ili ienee nyumba nzima hupata rangi isiyo na nguvu, na mwaka haupiti kabla haijapauka.

10. Mkono wa pili. Subiri saa mbili hadi nne kama kopo linavyosema, au zaidi hewa ikiwa nzito. Mikono miwili myembamba hushinda mmoja mzito kila wakati. Kalio na mikono ya kiti, panaposuguliwa sana, ongeza wa tatu ukipenda.

11. Acha ikomae. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Baada ya siku moja unaweza kukihamisha kiti, baada ya wiki kukikalia kwa uangalifu, lakini takia, mkeka na vyungu vya maua visubiri wiki tatu hivi. Kabla ya hapo hunata, na ukivibandua vinatoka na rangi.

Brashi zioshe kwenye ndoo, na maji hayo usiyamwage kwenye mfereji wa mtaani, kwa sababu mifereji yetu huishia baharini. Yamwage kwenye ndoo ya mchanga, rangi ishike humo, kisha utupe mchanga huo pamoja na taka kavu.

Mambo yakienda vibaya

Madoa ya kahawia yametokeza juu ya nyeupe: ni tanini au utomvu. Kuongeza rangi hakusaidii, yatapita tena. Acha ikauke, paka praima ya kuzuia madoa hapo, kisha rangi.

Malengelenge: lipasue moja utazame ndani. Ukiona mbao tupu, unyevu umetoka ndani ya mbao. Tafuta unakoingilia, aghlabu ni ncha au ungio lililo wazi, uzibe kabla ya kupaka tena. Ukiona rangi au praima chini yake, ulipaka juani au kabla mkono wa chini haujakauka. Kwangua sehemu hiyo, piga msasa, anza kutoka praima.

Inabambuka kwa vipande vikubwa na nyuma yake kuna mng'ao. Hiyo ni rangi ya maji iliyowekwa juu ya vanishi au rangi ya mafuta bila msasa. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa: yote itoke.

Bado inanata baada ya siku kadhaa. Aidha ulipaka nzito mno, au hewa ilikuwa na unyevu. Weka penye upepo na usikalie. Ikiwa wiki nne zimepita na hali ni ile ile, uliyonunua huenda si ya mbao, na itabidi kuikwangua.

Alama za brashi: ngoja ikomae, piga msasa namba 240, paka mkono mwembamba asubuhi kivulini.

Madoa meusi madogo juu ya rangi nzima ni ukungu, hasa chini ya miti na kwenye kuta zisizopata upepo. Osha kwa ule mchanganyiko wa klorini na usuuze. Usipake juu yake, utaota tena kutoka chini.

Unga mweupe unaobaki mkononi ukipitisha kiganja ni jua lililokula juu ya rangi. Osha, msasa mwepesi, mkono mmoja mpya, basi.

Baada ya hapo osha samani kwa maji matamu kila mwezi, na Machi, kabla ya masika, geuza kila kiti uangalie ncha za miguu na maungio. Mkwaruzo mdogo uguse siku hiyo hiyo kwa brashi ya inchi 1. Kwa ajili hiyo, mimina rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo ya kioo hadi ijae, ili hewa isipate nafasi, andika jina la rangi na mwezi ulioipaka, na uiweke ndani penye ubaridi. Ukiifungua siku nyingine ikanuka kama yai bovu, imeoza, nunua nyingine.